Mawaridi madogo chini ya paa, maua ya porini kwenye mvua: shajara ya kompaundi yangu, Jinja, Uganda

Mwisho wa Januari, kiangazi

Haya, nimeanza rasmi. Hapa mtaani Walukuba majirani wameshazoea kuniona na miche, lakini mwaka huu nataka kitu chenye mpango: ukuta wote wa mashariki wa nyumba uwe wa mawaridi madogo, zile mini kabisa, na sehemu ya wazi kuanzia barazani hadi kwenye seng'enge iwe ya maua ambayo mtu akipita anasimama anauliza hili nalo ni nini. Nitakuwa naandika kadiri mambo yanavyokwenda, maana maelekezo mengi ya mawaridi yametoka kwa watu wa nchi za baridi, wanakufundisha namna ya kulinda shina na theluji, na sisi wa kando ya Ziwa Victoria shida yetu siyo baridi, shida yetu ni maji juu ya jani.

Kwanza tuelewane mini ni nini kwa sababu watu wanachanganya sana. Kuna ndugu yangu mmoja aliniambia mbona mini ziko tele kwenye mashamba ya Entebbe, kila siku zinapanda ndege kwenda Ulaya. Hapana, yale wafanyabiashara wanayaita switihati, kichwa ndicho kidogo ila mti wenyewe ni mrefu na shina ni refu la kukatwa. Joto la huku chini linalifanya waridi likimbie, linafunga tumba haraka na kichwa kinatoka kidogo, ndiyo maana Naivasha kule Kenya walioko karibu mita 1,900 wanatoa vichwa vikubwa na sisi wa ziwani tulioko mita 1,100 na kitu tukashika soko la vichwa vidogo. Mini halisi ni mti mzima uliopungua, urefu sentimita 15 hadi 45 hivi, jani dogo, mwiba mdogo, tumba la ukubwa wa harage, na ua likifunguka lote halizidi sana sentimita 4. Ukiliona mara ya kwanza unadhani mtu amelichora.

Miche nimeinunua kwa wauzaji wa kando ya barabara ya Entebbe. Ushauri wangu kabla hujatoa pesa, inama uangalie shina pale linapoingia kwenye udongo. Mini karibu zote zinasimama kwa mizizi yake zenyewe, hazijabebeshwa, yaani hazijaunganishwa juu ya shina la waridi jingine. Ukiona kinundu cha kubebesha na chini yake kuna tawi la rangi nyingine na majani makubwa linapanda kwa kasi, huo mti una mama mwingine chini na baada ya muda ndiye atakayetawala. Muuzaji mmoja alikuwa ananiapia kabisa kwamba ni mini, nikamwonyesha kinundu kwa kidole, akahamia kwenye bei ya mche mwingine.

Nimechukua nyeupe, ya pinki na ya njano. Halafu kitu ambacho wengi hawajui, hicho kikopo kimoja cha mini unachokiona kimejaa majani mara nyingi siyo mti mmoja, ni vipandikizi vitatu vinne vilivyochomekwa pamoja ili kionekane kimenona. Kwa hiyo ukinunua kimoja umenunua ukoo.

Februari

Fundi amemaliza paa. Hili ndilo jambo nililokuwa nalitaka kuliko yote, niliwaza tangu mwaka jana. Tumeongeza kipande cha mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, yametoka ukutani kama mita moja hivi, na ukingoni tumefunga gata inayopeleka maji kwenye pipa. Watu waliuliza gata ya nini kwa maua. Bila gata maji yanadondoka kwa mstari mmoja, yanachimba udongo, yanarusha matope kwenye majani ya chini, na ugonjwa wa waridi unasafiri kwenye huo mrusho wa matone, hata usipoona.

Na kwa nini ukuta wa mashariki? Jinja tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua linahama, Juni linainamia kaskazini na Desemba linainamia kusini. Ukuta wa kaskazini unaweza kukudanganya, unauona Juni unang'aa ukapanda kila kitu, ikifika Desemba ni kivuli kitupu. Mashariki unapata jua la asubuhi mwaka mzima, na jua la asubuhi ndilo linalokausha jani. Waridi linataka kama saa sita za jua, hapa linapata tano na kidogo ya moja kwa moja na mwanga mwingine unapita kwenye lile bati, nimeridhika.

Udongo: sehemu mbili udongo mweusi, moja maganda ya kahawa yaliyooza, moja mchanga wenye chembe kubwa. Maganda ya kahawa nayachukua kwa wafuga kuku maana wao wanayatandika chini bandani, yakitoka pale yameshapata na mbolea ya kuku, lakini yakiwa mabichi ni moto, yanaunguza mizizi hii myembamba. Yaacheni yaoze mpaka ile harufu inayochoma pua iishe na ukishika hayana joto ndani. Yangu yamekaa kwenye gunia tangu mvua za mwaka jana, sasa yamekuwa meusi yanapukutika, ukinusa ni harufu ya msituni.

Vyombo ni jerikeni za lita 5 zilizokatwa shingo, matundu chini na mengine pembeni karibu na chini, zimekaa juu ya matofali ili maji yatoke kweli na siyo kurudi. Mini ina mizizi mifupi na ukiiweka kwenye chombo kikubwa mno udongo unabaki na maji siku nyingi.

Kutenganisha ule ukoo: lowesha kikopo kizima kwenye beseni, subiri udongo ulainike, halafu fungua mizizi kwa vidole taratibu kama unafumua nywele za mtoto, usivute. Kila mche ukipata jerikeni yake, punguza matawi kwa theluthi moja kwa sababu mizizi imepungua, weka kivulini wiki moja, halafu polepole peleka kwenye jua. Yote imeshika isipokuwa mmoja wa njano ambao tangu mwanzo mizizi yake ilikuwa nyuzi mbili tu.

Sasa kiangazi hiki kimeleta utitiri. Mini zinapendwa na utitiri kuliko mawaridi makubwa na chini ya paa ni zaidi, kwa sababu mvua haiwaoshi. Jani linaanza kupoteza rangi, vitobo vitobo vya njano vidogo mno, ukigeuza chini unaona kama vumbi. Chukua karatasi nyeupe, gonga tawi juu yake, ukiona vumbi linatembea basi ndiyo wenyewe. Sijapuliza sumu. Nageuza majani na kuyaosha upande wa chini kwa maji yenye nguvu, asubuhi saa moja, kila baada ya siku chache, maana utitiri wanapenda ukavu na vumbi. Wamepungua sana. Sumu za wadudu wa kawaida mara nyingi zinaua wale wadudu wazuri wanaokula utitiri, na utitiri wenyewe wanabaki wanazaana kwa raha.

Machi, mvua zimegonga

Banange! Siku chache tu baada ya mvua ya kwanza kubwa yale maua ya mpira mwekundu yametoka. Hayo ni Scadoxus multiflorus, ya kwetu kabisa, yako porini Uganda na nchi nyingi za Afrika, na nina vitunguu vyake, yaani yale matunguu ya chini ya ardhi yanayoota, vilivyotoka kwa jajja wangu, bibi yangu, upande wa Mayuge, alikuwa anavihamisha kutoka shambani kila akilima ili jembe lisivikate. Kiangazi chote ardhi ni tupu, mtu anaweza kukanyaga hapo akadhani hamna kitu. Mvua inanyesha, shina nene lenye madoa madoa ya zambarau linatoka peke yake, mara nyingi kabla hata ya majani kufunguka, na juu yake kichwa cha duara chenye maua madogo madogo hata 200, kila moja limerusha nyuzi nyekundu zenye ncha ya njano. Unaona mpira wa moto umesimama kwenye udongo mtupu.

Nimeinama nikaliangalia karibu leo asubuhi. Maua hayafunguki yote pamoja, na yakiwa yamefunguka yote huwezi kuona kitovu tena, ni nyuzi tupu. Ndege chozi alikuja, yule mdogo wa kijani anayeng'aa, akashika shina la jirani akajikunja kuchovya mdomo.

Hili ua halitaki paa, halitaki bati, halitaki kuoshwa majani. Linataka mvua ije na iondoke kwa wakati wake, na kiangazi liachwe likavu lipumzike. Ukilimwagilia wakati limelala kitunguu kinaoza. Ndiyo maana nimeligawa kompaundi hivi, kila siku nazidi kuona nilikuwa sawa: waridi dogo limepewa paa, ua la porini limepewa mvua. Tahadhari tu, kitunguu chake ni sumu, mbuzi na watoto wasikichezee.

Aprili

Hapa ndipo penyewe, nitaandika kirefu.

Mvua zetu nyingi zinatoka ziwani usiku na alfajiri. Ngurumo inaanza kama saa tisa usiku, mvua inapiga mpaka kumekucha, halafu kunabaki mawingu na unyevu hadi karibu adhuhuri. Sasa chukua ugonjwa wa madoa meusi, ule unaofanya jani la waridi lipate duara jeusi lenye kingo zilizochanika chanika, halafu jani linageuka njano na kudondoka mpaka mti unabaki vijiti. Ni kuvu, Diplocarpon rosae, na mbegu yake ikitua kwenye jani inahitaji jani liwe limelowa kama saa saba mfululizo ndipo iweze kuingia. Saa saba tu. Hesabu mwenyewe, jani limelowa saa kumi alfajiri, jua halijatoka vizuri mpaka saa sita mchana, tayari ni saa nane. Kila mvua ya alfajiri ni mwaliko. Mtu anasema mawaridi hayakubali Jinja kwa sababu ya joto, kumbe joto halina kesi kubwa hapo, ni hizi saa za unyevu.

Kwa hiyo nimefanya jaribio la wazi kabisa. Jerikeni mbili za ile nyeupe, miche ya ukoo mmoja, udongo mmoja, moja iko chini ya bati na nyingine nimeiweka nje karibu na seng'enge ambako inanyeshewa. Ya nje madoa yameanza majani ya chini mnamo wiki ya kwanza na ya pili ya mvua, yakapanda juu, sasa nusu ya majani yamedondoka. Ya ndani ina madoa kwenye jani moja moja ambayo nayatoa kwa mkono. Hamna dawa iliyopulizwa kwenye yoyote. Ile ya nje nimeshaihamisha mbali na wenzake kwa sababu imekuwa chanzo cha ugonjwa, na majani yake yaliyodondoka nayaokota yote nachoma, siyatupi kwenye mboji, kuvu linabaki hai humo likisubiri mrusho wa matone.

Hata chini ya bati kuna mambo ya kufuata. Jerikeni zisigusane, upepo upite katikati. Matawi yanayokwenda ndani ya mti na kupishana nayakata. Maji naweka kwenye udongo kwa kopo la mdomo mwembamba. Na pale nilipotandaza maganda ya kahawa juu ya udongo hata tone likidondoka halirushi matope.

Lakini paa nalo lina gharama yake na mtu akuambie ukweli: ukizuia mvua unakaribisha ubwiri unga. Ule unga mweupe kwenye majani machanga na shingo za matumba ni kuvu la aina nyingine ambalo halipendi jani lililojaa maji, linapenda hewa yenye unyevu na jani kavu, yaani hali halisi ya chini ya bati langu mwezi huu. Umetokea kwenye ile ya pinki, majani machanga yakajikunja. Nimepuliza maziwa, sehemu moja maziwa na tisa maji, asubuhi yenye jua, juu na chini ya jani, narudia kila wiki. Unga umesimama, haujaenda kwenye matawi mapya. Na ule uoshaji wa majani wa asubuhi ninaoufanya kwa ajili ya utitiri unasaidia pia hapa, ila lazima uwe asubuhi mapema siku ya jua ili saa nne jani liwe kavu. Ukiosha jioni umejinyeshea mvua ya alfajiri mwenyewe, paa lote limekuwa kazi bure.

Hajati wa nyumba ya pili alikuja akaniona nageuza majani, akasema, "Mwanangu, mwagia maji ya kuoshea samaki, mama yangu alikuwa na waridi mpaka dirishani." Nikamwambia, "Hajati, nitayatumia kwa yale ya nje, hapa barazani paka wote wa Walukuba watahamia." Akacheka, lakini kesho yake alileta debe dogo la maji ya ngege na nimeyamwaga kwenye shimo la mboji, ni mbolea nzuri kweli.

Mei

Mvua zinapungua. Mini zote za ndani zimejaa matumba. Mbolea naweka kidogo sana, NPK nusu kijiko cha chai kwa jerikeni, kwenye udongo uliolowa, baada ya kila awamu ya maua.

Gloriosa kwenye seng'enge imefunguka. Hii nayo ni ya kwetu, iko vichakani, na watu wa Zimbabwe wameifanya ua la taifa lao. Ncha ya kila jani imerefuka ikawa kikono, inajizungusha kwenye waya yenyewe, hujafunga hata kamba. Ua linaangalia chini lakini petali zake sita zimegeukia juu zote, kingo zimekunjwa kama mawimbi, zinaanza za kijani njano, siku ya pili au ya tatu nyekundu inaenea kutoka nchani mpaka ua zima linawaka. Na kile kijiti cha katikati kinachopokea chavua kimepinda pembeni kabisa, kona ya mraba, kinatoka nje ya ua kama kimekataa kukaa na wenzake.

Mti mzima ni sumu na mizizi yake ndiyo mibaya zaidi, ina kolchisini, mtu anaweza kuifananisha na kiazi kikuu kidogo na akafa. Mimi nimeipanda upande wa seng'enge ambao watoto hawafiki, na nikichimba mizizi navaa glavu na siachi kipande juu ya ardhi. Kama nyumbani una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, ngoja akue kwanza.

Juni

Mwezi wa vipandikizi. Chukua tawi ambalo ua lake limetoka kumaliza, siyo laini la kijani kibichi wala siyo gumu la zamani, kipande cha sentimita 8 hivi chenye vifundo vitatu vinne, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini acha mawili ya juu. Choma kwenye mchanga uliochanganywa na maganda yaliyooza, bonyeza, mwagia, funika na chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako. Kivuli chenye mwanga. Wiki tatu nne ukivuta kidogo kinakataa kutoka, kimeshika. Zaidi ya nusu vimeshika na sikutumia dawa ya mizizi. Mini ni rahisi kuliko waridi kubwa hapa, kwa sababu ni miti iliyozoea kusimama kwa mizizi yake.

Nikiwa nachomeka nilikuwa nawaza habari ya mawaridi haya yalivyofika duniani. Asili yao ni mawaridi ya China, yakafika Ulaya, yakapotea kwenye bustani za wakubwa. Halafu mwanzoni mwa karne ya ishirini huko Uswisi, daktari wa jeshi anaitwa Roulet akayaona kwenye vyungu madirishani mwa wanakijiji, watu wa kawaida walikuwa wameyatunza miaka na miaka. Akamwambia mtaalamu wa mimea wa Geneva, Henri Correvon, naye akalipa jina Rosa rouletii. Kutoka hapo wazalishaji wa Uholanzi na Hispania wakaanza kulichanganya, na baadaye Mmarekani Ralph Moore wa Visalia, California, aliyezaliwa 1907 na kufariki 2009, akazalisha aina nyingi mno, ile ya njano ya Rise 'n' Shine ya 1977 ni yake. Angalieni hapo, lilikuwa dirishani, chini ya ukingo wa paa. Wakulima wa kijijini walishajua pa kuliweka.

Binamu yangu wa Bugembe kanitumia picha ya waridi la buluu kama wino, mtu anauza mbegu mtandaoni, ananiuliza anunue? Dada, usinunue. Waridi halina ile rangi ya buluu kwenye damu yake, delfinidini. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitumia miaka mingi maabara kuliwekea jeni ya ua lingine ndiyo wakaanza kuliuza 2009, na hata hilo ni la zambarau mpauko, siyo wino. Halafu waridi la jina halitolewi kwa mbegu, mbegu inakupa mtoto mwenye sura yake mwenyewe, siyo ya mzazi. Hiyo picha ni kompyuta.

Kama unataka buluu, iko hapa hapa. Ule mti wa vipepeo, Rotheca myricoides, ambao kwa muda mrefu vitabuni uliitwa Clerodendrum ugandense, Uganda iko ndani ya jina. Wangu uko kona ya choo cha nje, umefika kifuani. Ua moja lina petali nne za buluu hafifu zilizofunguka kama mabawa na ya tano ya chini ni buluu iliyoiva karibu na zambarau, halafu nyuzi ndefu zimepinda juu kama vipapasio. Lile nyuki jeusi kubwa linalotoboa mbao likitua kwenye petali ya chini, nyuzi zinalipiga mgongoni na chavua. Nilikaa hapo na chai mpaka ikapoa. Nimechukua vipandikizi vyake nikampa binamu, vinashika upesi hata bila chupa.

Julai

Kavu kidogo, utitiri wamejaribu kurudi, uoshaji unaendelea. Awamu ya pili ya maua imekuja kama wiki sita tangu nilipokata maua yaliyoisha ya awamu ya kwanza, na hiyo ndiyo hesabu ya kutumia kama una sherehe: rudi nyuma wiki sita au saba ndipo ukate. Unakata juu ya jani lililokamilika lenye visehemu vitano na jicho linaloangalia nje, mti unatanuka badala ya kujisonga.

Ile ya njano inapauka haraka kwenye jua la saa nane kwa sababu kona yake inapata jua la kuzunguka, nimeivuta ndani kidogo. Ya pinki ndiyo imekubali kuliko zote, maua kwa vishada, petali za nje zinapauka na za ndani zinabaki zimeiva. Harufu haina karibu kabisa, hilo niliseme maana watu wananusa wanasikitika. Mini nyingi ziko hivyo.

Hajati amechukua jerikeni ya nyeupe, ameiweka dirishani kwake upande wa mashariki, chini ya paa. Kila nikipita ananiita, "Njoo umwone mjukuu wangu," na kweli amemtunza, hana hata doa.

Agosti, kabla mvua hazijarudi

Mvua za pili kwetu zinashika Septemba hadi Novemba na ukingo wa pili wa bati haujakamilika, fundi ameahidi wiki ijayo. Vipandikizi vya Juni vimehamia kwenye kaveera, mifuko ya plastiki, na vitakaa chini ya bati msimu wote, wala si nje, hata kama vinaonekana vimenona. Ile nyeupe ya majaribio iliyokaa nje imetoa majani mapya safi tangu kiangazi kianze, nimeikata nusu, nimeiondolea kila jani la zamani, na sasa inarudi ndani ili nione kama ukoo uleule utapona kwa paa peke yake bila dawa.

Kwenye eneo la wazi nataka kuongeza brunfelsia, ile ambayo ua linafunguka zambarau, kesho yake zambarau hafifu, keshokutwa jeupe, mti mmoja rangi tatu kwa wakati mmoja. Na ninatafuta waridi la kijani, Rosa chinensis viridiflora, ambalo halina petali kabisa, zile unazodhani ni petali ni vile vijani vya kufunikia tumba vilivyojirudia rudia mpaka vikajaza ua zima. Ni waridi la zamani, linatolewa kwa vipandikizi tu maana mbegu halina, na ua lake linakaa wiki nyingi halijanyauka. Mwenye nalo upande wa Jinja, Iganga au hata Tororo, naomba tawi moja la sentimita 10, nitaleta mche wa pinki wenye mizizi pamoja na kitunguu cha ule mpira mwekundu, ila kitunguu nitakitoa Desemba kikiwa kimelala.